Muvi Ambazo Staringi Hapigi Mtu

Mwezi wa nne Karatu haina wageni. Barabara kuu inayopanda kutoka Mto wa Mbu kwenda geti la Lodoare, ambayo Julai hupitisha magari ya utalii moja nyuma ya jingine tangu alfajiri, mwezi wa nne inabaki na bodaboda, fuso za vitunguu kutoka Mang'ola na mbuzi wa watu. Vumbi jekundu linageuka tope linaloshika kiatu na kukataa kuachia. Lodji kadhaa zinafunga, wafanyakazi wanakwenda likizo, na madereva wa utalii, ambao msimu ukiwa juu hulala nyumbani usiku mmoja mmoja, wanarudi kwa wake zao na kugundua kwamba rimoti ya televisheni ina mwenyewe.

Shemeji yangu ni mmoja wao. Amemwoa dada yangu, ambaye anafanya kazi jikoni kwenye lodji moja nje kidogo ya mji. Nilifika kwao mvua ikiwa imeshika kweli kweli, nikamkuta kwenye kochi na flashi ya GB 32 iliyojaa muvi za mapigano: za Kichina, za Kimarekani, na zile zilizotafsiriwa na ma-DJ. Siku ya pili akanigeukia.

"Shemeji, wewe si unaandika mambo ya sinema? Nitafutie kitu kingine. Nimechoka kuona watu wakifa."

Dada akadakia kutoka jikoni: "Mtafutie ya mapenzi. Ila isiwe ya kulia masaa matatu halafu mwishoni imeandikwa part two."

Kwa agizo hilo la watu wawili nilikaa Karatu wiki mbili nikionyesha watu filamu. Nilikuwa nazo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya filamu ambazo hazina bunduki, hazina jini, wala mama mkwe anayetia sumu kwenye juisi. Ndani yake kuna watu wawili mezani, au mtu na barua, au mtoto na kiatu. Mapenzi yamo, lakini ni ya watu wanaodaiwa kodi ya nyumba. Vichekesho vimo pia, vya kukufanya utabasamu peke yako ukiwa ndani ya Hiace. Filamu za namna hii hazitangazwi kwenye kuta za steshenari. Ukimwomba kijana anayejaza muvi kwenye memori kadi, atakuambia hizo haziulizwi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kiburi. Niliamua kuanzia kibanda umiza.

Kibanda chenyewe kiko nyuma ya barabara kuu: mabati, mabenchi, televisheni moja pana, spika mbili zenye sauti ya kumwamsha marehemu, na ubao wa chaki mlangoni. Mpira shilingi 1,000, muvi 500. Mwenye kibanda ni kijana mchangamfu. Aliipokea flashi yangu akaigeuza geuza.

"Mzee, humu staringi yupo?"

"Wapo wawili. Wasichana."

"Wanapiga?"

"Hawapigi."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa koti la mvua mwezi wa tisa. Lakini Jumatano saa nane mchana hakukuwa na mpira, akanipa nafasi. Filamu ilikuwa T-Junction ya Amil Shivji, ya mwaka 2017. Fatima, binti wa Dar es Salaam mwenye baba wa asili ya Kihindi na mama Mwafrika, amefiwa na baba ambaye hawakuwahi kuzoeana. Hospitalini anakutana na Maria, na Maria anamsimulia habari za watu wa njia panda moja, wachuuzi na marafiki zake, kipande kwa kipande, kila wanapoonana. Kinachotendeka ni hicho hasa: msichana anasimulia, mwingine anasikiliza, na huyo anayesikiliza anaanza kuelewa msiba wake mwenyewe.

Waliingia watu kumi na mmoja. Baada ya dakika ishirini mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mapigano yanaanza saa ngapi?" Baada ya dakika arobaini tulikuwa watano, na wawili kati yetu walikuwa wamelala. Mwenye kibanda hakunilaumu, alikuwa anachezea simu. Ila kulikuwa na mama anayeuza maandazi pale nje. Alisimama mlangoni na ndoo yake mkononi, akisema anajikinga mvua. Mvua ikakatika, naye hakuondoka. Ilipokwisha aliniuliza jambo moja tu: "Kumbe mtu anaweza kufiwa na baba asijue alie vipi?" Kisha akajitwika ndoo akaenda zake. Nilimhesabu yeye peke yake kuwa watazamaji kumi.

Tusiwalaumu waliotoka. Sisi tuliofundishwa sinema kwenye vibanda tuna sarufi yake, na sarufi hiyo ina staringi, ina jambazi, na ina kanuni kwamba staringi hafi. Waliotufundisha ni watafsiri kama Lufufu, yaani Derek Mukandala, aliyechukua filamu za nje akazisimulia kwa Kiswahili juu ya kanda za video hadi zikawa hadithi zetu. Msimuliaji wa aina hiyo hapendi ukimya. Pakiwa kimya anaweka maneno, na pakikosekana maneno anatia utani. Ndiyo maana filamu inayonyamaza huonekana mbovu, kama redio iliyopoteza stesheni.

Lakini hapa Karatu pana jambo lililonishangaza, na shemeji ndiye aliyelitoa bila kujua. Jioni ile, nikiwa nimenuna, alianza kunisimulia kazi. Siku moja ndani ya kreta ya Ngorongoro, karibu na msitu wa Lerai, alisimamisha gari kwa sababu ya kitu cheusi kwenye majani, mbali. Mgeni mmoja alisema ni jiwe. Shemeji alisema ni faru amelala. Wakakaa. Saa nzima. Jiwe likatikisa sikio. Wakakaa nusu saa nyingine, faru akainuka, akageuka, akalala tena upande wa pili. "Wale wageni walilia machozi, shemeji. Kwa sababu ya kugeuka tu!"

Nikamwambia: basi wewe ndiye mtazamaji ninayemtafuta. Mtu anayeweza kungoja saa moja na nusu aone faru akigeuka anashindwaje kumngojea Fatima amwangalie mama yake usoni?

Akacheka, lakini alilifikiria. Tangu siku hiyo, kila filamu ikianza taratibu alikuwa anawaambia wenzake, "Tulieni, kalala huyo, ataamka."

Hivi mnajua kwamba sehemu hizi zimepigwa picha za filamu tangu zamani? Ukitoka Lodoare ukapanda hadi ukingo wa kreta, unapita piramidi ndogo ya mawe. Hapo amezikwa Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani wa miaka 24 ambaye ndege yake ndogo ilianguka Januari 1959 wakati yeye na baba yake Bernhard wakirekodi Serengeti Shall Not Die. Filamu ilitoka mwaka huohuo na mwaka 1960 ikapata Oscar ya filamu za kumbukumbu. Baba alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa yakazikwa kando ya mwanawe. Wapita njia wengi wanalijua kaburi. Filamu yenyewe hawajaiona. Halafu kuna The Royal Tour ya mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mwongoza watalii, ambayo kila dereva wa hapa anaijua na ana maoni yake kuhusu uendeshaji.

Iliyonivutia zaidi ni Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962. Wazee wa utalii wanalijua jina, kwa sababu watalii wa umri fulani hawaachi kulitaja. Ilirekodiwa kaskazini mwa Tanganyika, kambi kuu ikiwa Momella chini ya Mlima Meru, kabla Mwingereza hajaondoka. John Wayne ni kiongozi wa kundi la wakamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za wanyama Ulaya na Marekani. Elsa Martinelli ni mpiga picha wa Kiitaliano anayefika bila kutarajiwa. Wamo pia Mjerumani Hardy Krüger, Mfaransa Gérard Blain, na mchekeshaji Red Buttons anayebuni roketi ya kutupa wavu juu ya mti uliojaa nyani. Waigizaji waliwafukuza wanyama wenyewe, kwenye magari ya kweli, vifaru wakitoboa mabati ya kweli.

Niliionyesha nyumbani kwa shemeji Jumamosi, madereva wanne wakiwa wameketi. Sekunde ya kwanza ya kumfukuza faru ililipua sebule. Si kwa furaha, ni kwa hasira ya kitaaluma. "Anamkimbiza hivyo, atamuua moyo!" "Leo hii mgambo wangekuwa wamekushusha!" "Angalia tairi, angalia tairi!" Sijawahi kuona watu wakitazama filamu kwa makini namna ile. Walizitaja barabara, wakabishana kama kilima fulani ni kile cha upande wa Manyara au sicho. Wakati wa tembo watoto watatu kumkimbilia yule Mwitaliano mitaani Arusha, huku muziki wa Henry Mancini ukichechemea nyuma, mzee mmoja wa makamo alifuta macho kwa kucheka.

Ukiondoa vifaru, Hatari! ni kichekesho cha mapenzi, na kizuri pia. Inakwenda zaidi ya saa mbili na nusu na nusu yake ni watu kukaa sebuleni, kunywa, kutaniana, na bwana mkubwa mmoja kushindwa kusema neno moja rahisi kwa mwanamke. Hawks hakuwa na haraka. Hilo ndilo lililowafurahisha wale madereva bila wao kulitaja: muvi inakaa kambini kama wao wanavyokaa kambini.

Lakini dada, aliyekuwa amesimama na trei ya chai, alisema kitu ambacho kiliua kicheko. "Weusi wote humu wanasema 'ndiyo bwana' tu. Hakuna hata mmoja ana mke?"

Hana. Miaka sitini na zaidi ya kamera kaskazini, na tunachojua ni jinsi simba wanavyopendana. Mpishi wa kambi ana mchumba gani, haijulikani. Mwalimu wa Endabash aliyeandikiana meseji na muuguzi wa Oldeani kwa miaka mitatu kabla hawajaonana, hakuna aliyemrekodi. Boma la Kimasai lililogawanyika tangu mwaka 2022, nusu wakahamia Msomera kule Handeni na nusu wakabaki, na mama akabaki katikati akihesabu wajukuu kwa simu, ni filamu tosha bila kuongeza risasi hata moja. Mwenye kuitengeneza akijitokeza, kochi la shemeji lipo.

Na mwanzo wetu kwenye sinema haukuwa wa bunduki. Kabla ya Uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilitengeneza filamu za Kiswahili kwa ajili ya watu wa kawaida, na staringi wake alikuwa kijana aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Katika Muhogo Mchungu ya mwaka 1952 alikuwa mtu wa shamba aliyefika Dar es Salaam akaingizwa mjini kisawasawa. Mkoloni alitaka kutoa somo. Watu waliona kichekesho, maana kila ukoo una mjomba wa namna hiyo. Mtazamaji wa Kitanzania alianza na mnyonge aliyepotea njia. Staringi anayeruka maghorofa alikuja baadaye.

Nilirudi kwenye kibanda umiza wiki ya pili, safari hii kwa akili. Nilimpelekea yule kijana Supa Modo ya Mkenya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Nikamwambia humu staringi anaruka. Sikumdanganya sana. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na anapenda muvi za mashujaa kupita kiasi. Mama anamtoa hospitali amlete nyumbani afie kwao. Dada yake mkubwa haafikiani na mpango wa kumfungia ndani kungoja kifo, anamfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na mwisho kijiji kizima kinaingia kwenye uongo huo mtakatifu na kuamua kumtengenezea filamu yake mwenyewe. Na mmoja wa wakubwa wa mpango ni jamaa anayeonyesha muvi kijijini huku akizisimulia.

Mwenye kibanda alikuwa amekaa na simu kama kawaida. Alipomwona mwenzake kwenye kioo, na kibanda kama chake, na watoto kwenye mabenchi kama yake, simu iliingia mfukoni. Hakuna aliyetoka siku ile. Kwenye dakika za mwisho alizima spika moja, sijui kwa nini, labda ili watu wasisikike wakivuta makamasi. Siku ya pili niliona ubaoni, chini ya ratiba ya mpira, ameandika kwa chaki: SUPA MODO, INALIZA, 500.

Kwa mtu anayetaka kuanza na filamu hizi, basi, aanzie hapo. Akishazoea, ahamie Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016, nayo ya Kenya. Kaleche anazinduka porini amevaa gauni la hospitali, anatembea hadi kwenye lodji nzuri katikati ya mbuga, na wenyeji wa pale wanampa habari kwa upole: umekufa, karibu. Lodji ina bwawa la kuogelea, vinywaji na nyama choma. Wageni wake hawawezi kuondoka mpaka kila mmoja akabiliane na alichokifanya duniani. Ni filamu fupi, haifiki hata saa moja na nusu. Dada aliitazama akiwa hajavua shati la kazi, akasema anawajua wageni wale, wapo kila siku, wanakaa kwenye varanda na glasi wakiangalia mbali. Sijawahi kusoma uhakiki wa Kati Kati unaoufikia huo.

Za nyumbani nitazipitia haraka kwa sababu nyingine mnazijua kwa majina. Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, Amil Shivji tena, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ndiyo iliyopelekwa na Tanzania kuwania Oscar. Ni Unguja ya miaka ya 1950, Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozeshwa na anampenda Denge wa harakati za Uhuru. Watu wanaisifu kwa siasa. Mimi nawaambia muitazame kwa ajili ya mikono: mikono inayokaribia kugusana inasema mengi kuliko hotuba zote. Binti ya Seko Shamte, mwaka huohuo wa 2021, ina wanawake wanne wa Dar es Salaam kwa zamu: mwenye duka na deni, mwenye mchumba mkali, anayetafuta mtoto, na mwenye mtoto anayehitaji uangalizi usiokoma. Iliingia Netflix, kwa hiyo bando la usiku linatosha. Sehemu zake hazilingani kwa uzito, na ile ya Godliver Gordian ndiyo iliyonibaki. Kiumeni ya mwaka 2017 ni kichekesho cha mapenzi kisichojificha, binti wa ushuani na kijana wa uswahilini. Utajua mwisho dakika ya kumi, na hutajali.

Moja ya mbali sana nilikuwa naihofia. Tokyo Story, Yasujirō Ozu, Japani, mwaka 1953, picha haina rangi. Wazee wawili wanasafiri kutoka mji mdogo kwenda kuwaona watoto wao Tokyo. Watoto wana kazi. Wanawapeleka wazee kwenye hoteli ya ufukweni ili wasiwe njiani. Anayewajali ni mke wa mtoto wao aliyekufa vitani, ambaye hana hata deni la damu kwao. Kamera imewekwa chini, kimo cha mtu aliyeketi mkekani, na haihamihami.

Niliiweka usiku nikijua nimebaki peke yangu. Lakini bibi wa watoto, mama mzaa shemeji, alikuwa amekuja kutoka Rhotia na alikuwa kochini na blanketi lake. Kijapani hakijui, Kiingereza cha maandishi ya chini hakisomi. Nilimwuliza kama nizime. Akasema, "Acha." Ikafika pale wazee wawili wameketi kwenye ukuta wa bahari, migongo kwetu, hawasemi. Bibi akasema taratibu, "Hawa wamechoka kukaa kwa watu, mwanangu. Wanataka kurudi kwao." Mwaka juzi alikwenda Kimara kwa mwanawe mkubwa. Alipanga mwezi, akarudi baada ya siku tisa. Shemeji aliponihadithia hilo kesho yake alikuwa anaangalia kikombe.

Sasa nije kwenye ile iliyogeuza nyumba.

The Lunchbox, ya Mhindi Ritesh Batra, mwaka 2013. Nani Karatu atahitaji kuelezwa lanchi boksi ni nini? Msimu ukiwa juu, dada yangu anaamka saa tisa usiku. Saa kumi yuko jikoni na wenzake, mezani kuna maboksi themanini yaliyofunguliwa midomo: yai la kuchemsha, paja la kuku, ndizi, kipande cha keki, juisi, leso ya karatasi. Saa 12 geti linafunguliwa na maboksi yanashuka kreta. Saa sita mchana yanafunguliwa kwenye kidimbwi cha Ngoitokitok, ndani ya magari, kwa sababu ukitoka nje na paja mkononi mwewe anakuja kutoka juu, anachukua, na unabaki unajihesabu vidole.

Kule Mumbai chakula cha mchana kinapikwa nyumbani na wabebaji wenye kofia nyeupe wanakipeleka maofisini, makopo kwa malaki, na wanajulikana kwa kutokosea. Filamu inaanza pale wanapokosea. Mke kijana aitwaye Ila, ambaye mume wake hamwangalii tena, anapika kwa juhudi zote ili amrudishe. Kopo linakwenda kwa mtu mwingine: Saajan Fernandes, mjane, karani wa hesabu anayekaribia kustaafu, mtu mkavu kabisa. Aliyemwigiza ni Irrfan Khan, na sijui mwigizaji mwingine aliyeweza kutafuna kwa namna ya kukuvunja moyo. Jioni kopo linarudi tupu, limelambwa. Ila anaelewa kwamba mumewe hangeweza kula hivyo. Kesho yake anaweka kikaratasi chini ya chapati. Na kwa filamu nzima hayo ndiyo mapenzi yao: chakula kinakwenda, barua inarudi. Kuna shangazi wa ghorofa ya juu ambaye hatumwoni hata mara moja, tunasikia sauti yake tu na kuona kikapu anachoshusha kwa kamba chenye viungo. Kuna Shaikh, karani mpya msumbufu anayekatia mboga juu ya mafaili ya ofisi akiwa kwenye treni.

Lugha ni Kihindi na Kiingereza kidogo, maandishi ya chini Kiingereza. Shemeji, anayeongea Kiingereza siku nzima kwa riziki, alianza kumtafsiria dada kwa kunong'ona. Baada ya robo saa alikuwa anatafsiri kwa sauti. Baada ya nusu saa alikuwa Lufufu mtupu, anasema "mwanamke akawaza, huyu mzee ananichezea au vipi?" wakati Ila hajafungua mdomo. Dada akamwambia anyamaze. "Niache nimwone anavyofunga hilo kopo."

Alilitazama kweli. Jinsi Ila anavyopanga vyombo, anavyoonja, anavyofuta ukingo kwa kidole. "Mimi nafunga themanini na simjui hata mmoja," alisema. "Naandika kwa maka peni, 'hana nyama', 'asipewe karanga'. Basi, hizo ndizo barua zangu." Akakaa kimya kidogo. "Siku moja boksi lilirudi limeandikwa asante. Nililitunza wiki nzima."

"Hukuniambia," shemeji akasema.

"Ulikuwa Serengeti."

Nisameheni, mwisho wake lazima niutoboe, maana bila huo hadithi yangu haiishi. Wanapanga kuonana hotelini. Ila anangoja. Saajan anafika, anamwona alivyo kijana, na hamsogelei. Asubuhi ile bafuni alinusa harufu ya babu yake akagundua ni yake mwenyewe. Baadaye Ila anaamua kuondoka na binti yake kwenda Bhutan. Saajan naye anabadili mawazo, anajichanganya na wabebaji wa makopo kwenye treni ili wampeleke mlangoni kwake. Na hapo filamu inakatika. Hatujui kama alimkuta.

Sebule ilichafuka. Dereva mmoja aliyekuwa amepita tu kuazima jeki alidai flashi ni mbovu, irudishwe nyuma. Dada alisema hakumkuta, mwanamke akishafunga begi amefunga. Shemeji alisema alimkuta, kwa sababu wale wabebaji wanajua kila mlango. Umeme ukakatika, wakaendelea kubishana gizani.

Niliondoka Karatu siku mbili baadaye. Wiki ya kwanza ya Juni, saa 12 kasoro asubuhi, simu iliita. Nyuma ya sauti ya shemeji nilisikia injini zinaunguruma na watu wanasalimiana kwa honi.

"Shemeji, niko getini, nina wageni wanne. Yule jamaa wa jeki yuko gari la pembeni, tumefungua vioo, hatuelewani. Hebu mwambie mwenyewe." Akaweka spika.

Sauti ya pili ikaja, na ukungu wa Lodoare ndani yake: "Mzee shikamoo. Mimi nina swali moja tu. Ile ya makopo, part two inatoka lini?"